Stafilokokasi na Streptokokasi: Tofauti Anayopaswa Kuijua Mtumiaji wa Dawa

Mwenye jipu na mwenye maumivu ya koo huweza kukutana katika duka moja la dawa muhimu mjini Tabora, wakaomba antibiotiki ileile. Ombi hilo lina hatari, kwa kuwa maradhi yao aghalabu hutokana na vimelea tofauti.

Umbo
Chini ya hadubini, wote wana umbo la tufe na huchukua rangi ya zambarau katika kipimo cha Gram. Streptokokasi hujipanga mfano wa shanga zilizotungwa, kama zile zilizobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Stafilokokasi hushikamana kama kichala cha zabibu za Dodoma.

Vipimo
Mtaalamu wa maabara huwadondoshea haidrojeni peroksaidi. Stafilokokasi hutoa mapovu papo hapo, streptokokasi hawatoi. Kisha stafilokokasi huchanganywa na utegili, yaani maji ya damu. Ukiganda, huyo ni stafilokokasi orea, aliye hatari zaidi katika jamii yake.

Maradhi
Stafilokokasi orea huleta majipu na usaha. Aidha, mpishi mwenye kidonda mkononi huweza kumwingiza katika chakula. Sumu yake haiondolewi kwa kupasha chakula moto, na kutapika huanza saa chache baada ya kula.

Streptokokasi wa kundi A huleta maumivu ya koo na homa ya ghafla. Mtoto asipotibiwa ipasavyo, huweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Vidonda vya ngozi huletwa na wote wawili. Hivyo macho pekee hayatoshi kuwatofautisha.

Mtumiaji anashauriwa
1. Asinunue antibiotiki bila cheti cha daktari. Penisilini huwaua streptokokasi wa kundi A, lakini stafilokokasi walio wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Koo linaloambatana na mafua na kikohozi aghalabu ni la virusi, wasiouawa na antibiotiki yoyote.
2. Amalize dozi. Penisilini ya kumeza kwa koo la streptokokasi hutumika siku 10, hata nafuu ikija siku ya 3.
3. Asikamue jipu, aende kituo cha afya, kwani huenda likahitaji kupasuliwa.
4. Asiwapikie wengine akiwa na kidonda mkononi kisichofunikwa.