SOMO LA MWEZI: KUMCHAGUA MSAJILI WA JINA LA INTANETI



Baadhi yenu wenye kupokea wageni katika mashamba ya viungo mmeuliza habari za jina la intaneti, yaani anwani ya biashara mtandaoni, na msajili gani wa kumwendea. Somo hili ni jawabu, na mfano wake twautoa Karatu.

Mji wa Karatu uko njiani kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, na wageni wengi hulala hapo kabla ya kushuka kreta. Mgeni huchagua nyumba ya kulala akiwa angali kwao. Tuseme basi, mwenye nyumba mmoja alimpa fundi fedha amsajilie jina. Fundi akajiandikisha yeye mwenyewe kuwa ndiye mwenye jina. Mwaka ukaisha, ilani ya malipo ikamfikia fundi, naye amekwisha hama. Jina likafungwa na barua za wageni zikapotea, msimu wa safari umefika. Mwenye nyumba akimwendea msajili, ataambiwa, "Wewe hatukujui." Wala hatakuwa ameambiwa uongo.

Fahamuni kwamba jina halinunuliwi moja kwa moja. Ni kama mikarafuu ya kukodi: muda ukipita bila mapatano mapya, mavuno si yako.

Majina ya .co.tz ni ya biashara, .or.tz ni ya jumuiya, na .go.tz ni ya serikali, kama ncaa.go.tz ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nayo huidhinisha wasajili. Wasajili wa .com huidhinishwa na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998.

Kabla ya kulipa, mpimeni msajili kwa mambo haya:

1. Mwandikieni swali, kisha mpigieni simu. Asiyejibu kabla ya kupata fedha yenu, hatajibu baada ya kuzipata.

2. Ulizeni ada ya mwaka wa pili. Wengine hupunguza ya kwanza tu.

3. Ulizeni atawapelekeaje ilani muda ukikaribia kwisha. Jina la .com likifutwa, kwa kawaida mwenyewe hupata siku 30 za kulikomboa, lakini kwa ada zaidi.

4. Ulizeni namna ya kuhamia kwa msajili mwingine. Kwa .com, mwenye jina akitaka namba ya siri ya kuhamisha, msajili hana ruhusa ya kuizuia kupita siku 5.

Fundi aweza kuwasaidia kazi, lakini mwenye jina aandikwe mwanachama mwenyewe, kwa barua-pepe na simu yake, na risiti aiweke. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenu katika kazi,
Katibu