Kengele ya Pawa Saplai Haijui Bodi Yako

Wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha miradi, maabara yetu ya elektroniki ilijaa kama daladala la asubuhi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameunganisha bodi ya ESP32 kwenye pawa saplai, volti 3.3, inasoma unyevu wa udongo vizuri kabisa. Jirani yake akanyoosha mkono kuchukua koleo, kiwiko kikagusa kitufe cha kuzungushia volti. Skrini ikaonesha 9. Kengele haikulia, taa nyekundu haikuwaka. Tulichosikia ni harufu tu. Kazi ya miezi minne ikaishia hapo.

Wote tuliilaumu mashine. Mbona haikujikata, wakati pale mbele imeandikwa OVP? Tulipokagua, tukakuta OVP imepangwa volti 33, na hakuna aliyewahi kuigusa. Yaani mashine ilikuwa tayari kabisa kujikata, ila volti zikifika 33. Kwake 9 ni jambo la kawaida. Ndugu msomaji, somo lote la makala hii liko hapo: kengele haijui bodi yako inavumilia nini mpaka wewe uiambie.

Tuanze na kinachowachanganya wengi. Herufi CV na CC siyo kengele, ni hali mbili za kazi. Kwenye CV, mashine inashikilia volti ulizoweka. Mzigo ukitaka ampea zaidi ya kikomo chako, inaingia CC: inashikilia ampea na kuziacha volti zishuke. Mfano, umeweka volti 12 na kikomo cha ampea 0.5, halafu unaunganisha rezista ya ohm 10. Rezista inataka ampea 1.2, haizipati. Volti zitashuka hadi 5, na taa ya CC itawaka. Ukiona hivyo bila kutarajia, usikimbilie kuongeza ampea. Kwanza jiulize kwa nini saketi yako inakula umeme mwingi hivyo. Huenda kuna shoti.

Lakini kikomo cha ampea hakikukingi na volti kubwa. ESP32 mwisho wake ni volti 3.6. Ukiipa 9, hata kama ampea umezibana, chipu inaweza kufa. Kazi hiyo ni ya OVP, ulinzi wa volti kuzidi. Volti zikipita pale ulipopanga, mashine inakata umeme. Nyingine zina saketi ya thairista inayopiga shoti kwenye nguzo za kutolea umeme, kama mtu kaangusha mtaimbo juu yake, ili volti zianguke haraka. Ulinzi huu unasaidia hata pale transista ya ndani ya mashine inapokufa na kuachia volti zote zitoke.

OCP ni ndugu wa CC, ila mkali zaidi. CC inabana na kuendelea. OCP inakata na haiwashi tena mpaka wewe uifute. Wanaofanya miradi ya mota wanaijua vizuri: mota inapoanza kuzunguka inavuta ampea mara kadhaa ya zile za kawaida, OCP inaruka, mtu anadhani mashine mbovu. Saplai nyingi za kisasa zina sehemu ya kupanga ucheleweshaji kidogo. Tumia hiyo kuliko kuizima OCP yote.

OTP ni ya joto. Hapa kuna jambo linaloshangaza: kwenye saplai ya aina ya linia, volti ndogo ndizo zinaweza kuchemsha zaidi. Ikiwa ndani kuna volti 35 na wewe unatoa 5 kwa ampea 3, volti 30 zilizobaki mara ampea 3 ni wati 90 za joto ndani ya boksi. Sasa weka daftari juu ya matundu yake, na feni imejaa vumbi, uone.

Utaratibu wenyewe hauchukui hata dakika tano:

1. Soma karatasi ya data ya chipu yako, ujue volti zake za mwisho.
2. Kabla ya kuunganisha bodi, panga volti, kikomo cha ampea, kisha OVP. Kwa bodi ya 3.3, OVP ya 3.5 inafaa.
3. Ijaribu kengele. Bila mzigo, pandisha volti polepole. Isipojikata pale ulipopanga, usiiamini. Mwite fundi sanifu.
4. Rudisha volti, pima kwa multimita, hakikisha chanya na hasi. Ukigeuza waya, OVP haitakuokoa.
5. Zima umeme wa kutoka, unganisha bodi, ndipo uwashe. Kapasita iliyoko kwenye njia ya kutolea umeme inaweza kumwaga chaji kwa ghafla kabla kikomo hakijashika.
6. Kama mashine ina kitufe cha kufunga vitufe vingine, kitumie.

Na kengele ikilia je? Tabia yetu ni kubonyeza tena na tena mpaka inyamaze. Hapana. Chomoa mzigo, kisha washa mashine peke yake. Ikilia tena, kasoro iko kwenye mashine au mpangilio. Ikitulia, shida iko kwenye saketi yako au waya zake, na hiyo ni habari njema kwa sababu umeipata kabla ya moshi.

Mwenzetu aliwasilisha mradi wake kwa picha za simu. Bodi nyingine ilifika wiki moja baadaye. Kwa hiyo kesho ukikaa mezani, usidhani aliyekutangulia alipanga OVP kwa ajili yako. Naye alikuwa na mradi wake.