Ramadhani, siku ya 21: Je, mlinzi mwenye hekima anaweza kuiacha amana njiani?



Swali la leo: mtu mwenye busara, mcha Mungu, kapewa amana ya miaka mingi. Anaweza kuiacha njiani bila mwenyewe kujua?

Ndiyo, anaweza. Tazama Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, kiongozi wao Abdullah bin Jubayr (r.a.). Akawakataza wasiondoke, wenzao washinde au washindwe. Maadui walipoanza kukimbia na ngawira ikaonekana, wengi wakashuka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, akapita na farasi wake pale pale palipoachwa wazi.

Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa masahaba, na Allah katika Aal Imran aya ya 152 ametaja kuwa amewasamehe. Hawakusema "tunaasi". Walisema kazi imekwisha. Mtego ndio huo: mlinzi anajipa tafsiri mpya ya kazi yake, halafu anaifuata hiyo.

*Tuje nyumbani sasa.* Ndugu amefariki, kaacha mtoto wa miaka 3 na shamba la chai na migomba. Ukoo unamchagua baba mdogo asimamie, kwa kuwa ana hekima. Hiyo ni kazi ya miaka 15.

Mwaka wa 1, kila kilo ya majani inaandikwa. Mwaka wa 5, anaazima hela ya chai kulipia ada ya mwanawe: "nitarudisha". Mwaka wa 8, daftari halionekani. Mwaka wa 12, anasema "shamba langu". Mtoto akikua akauliza, baba mdogo anaumia kweli kweli: "Si nimekulea mimi!" Na kweli kamlea. Hakuna siku aliyokaa chini akaamua kudhulumu.

Ndiyo maana An-Nisaa aya ya 6 haikumwachia msimamizi hekima yake peke yake. Imemwekea mipaka: asile mali kwa haraka kabla yatima hajakua, mwenye uwezo ajizuie, asiye nacho ale kwa kiasi, na siku ya kukabidhi wawepo mashahidi. Aya ya 10 inaonya kuwa anayekula mali ya yatima kwa dhulma anakula moto.

Tena angalia Aal Imran aya ya 7 na ya 8. Wanaomwomba Allah asizipotoshe nyoyo zao baada ya kuongoka ni wale waliobobea katika elimu. Mwenye hekima ndiye anayeogopa kupotoka. Asiyeogopa, tumwombee.

*Ya kufanya leo:*
1. Una mali ya yatima, ya msikiti au ya kikundi? Toa daftari, hesabu upya.
2. Ulichoazima, kiandike na umwonyeshe mtu mwingine.
3. Mtoto akishaelewa, mwambie kilicho chake. Usingoje aulize.

Na jamani, safu za tarawehe zimeanza kupungua. Kumi la mwisho ndiyo kwanza limeingia. Tusishuke kilimani mapema.

Allah azithibitishe nyoyo zetu, atujaalie kurudisha amana kwa wenyewe. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mtumie na mwenzio.