Mwili Unapobadilika: Kwa Wasichana wa Nambale na Walezi Wao

Titi moja likianza kuchomoza na kuuma kabla ya lingine, msichana wa miaka 9 au 10 hudhani ana jipu. Si jipu wala ugonjwa. Ndivyo kubaleghe kunavyoanza, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13. Hedhi hufuata baada ya miaka miwili au mitatu, na kabla yake ute mweupe huonekana kwenye chupi. Mama, shangazi au nyanya akiuona ute huo anapofua, basi azungumze na binti. Asingoje damu imkute darasani.

Mwanzoni siku hazina mpangilio: zaweza kupishana siku 21, kisha 45. Damu hutoka siku 2 hadi 7. Sodo ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani. Wengi hukificha chini ya godoro kwa aibu, na mvua zikinyesha hakikauki. Unyevu hulea viini, muwasho ukaanza. Baba akikiona kambani hakuna kilichoharibika.

Busia ni eneo la malaria, na minyoo ya safura ingalipo. Vyote hupunguza damu ambayo hedhi nayo inaipunguza. Binti ale omena, kunde, managu na maharagwe, pamoja na chungwa au ndimu. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Aende kituo cha afya sodo ikilowa kila saa, damu ikizidi siku 7, maumivu yakimzuia kwenda shule, au akifika miaka 15 bila hedhi.

Sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo za bure. Wazazi, ulizeni shuleni kama zimefika. Tunasisitiza hili kwa sababu asiye na sodo hupata haraka mtu wa kumnunulia, na katika barabara ya kwenda Busia na Malaba hawakosekani wenye lifti, chipsi na pesa kidogo mkononi.

Binti aambiwe ukweli kuhusu watu hao. Mwaka 2004, katika baadhi ya shule za msingi za jirani zetu wa Bungoma na Butere-Mumias, wanafunzi walielezwa kwa kipindi kimoja tu kwamba wanaume watu wazima wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa rika lao. Mimba za wasichana zikapungua kwa asilimia 28. Kuwatisha watoto hakujawahi kutupa matokeo kama hayo.

Kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni kosa, hata akisemekana alikubali. Aliyenajisiwa asioge, asifue nguo alizovaa. Apelekwe hospitali upesi, kwa maana dawa ya kuzuia VVU hufaa ndani ya saa 72. Simu ya 116 ni ya bure, mchana na usiku. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, au jirani aliyejua.