SOMO LA MWEZI: "Naenda tu Nirudi"
Karatasi za safari fupi ya kuvuka mpaka

  Mwezi huu tumeombwa na vikundi viwili vitatu tueleze habari ya kuvuka mpaka kwa siku moja au mbili, kwenda kuangalia bei, kununua mzigo kidogo, au kuhudhuria mkutano. Tumekubali, maana jambo hili limetugusa sisi wenyewe.

Tuanze na kisa chetu. Kikundi chetu kina hoteli ndogo ya supu na nyama. Tuliona mchele na vitunguu vinatumaliza, tukasema tutume watu wawili mpakani, wavuke, waulize bei upande wa pili, wanunue magunia machache, warudi jioni. Mpaka wenyewe hatutautaja. Tuliwapa shilingi 60,000 za kikundi. Mmoja alikuwa na hati yake ya kusafiria. Wa pili alikuwa na kipande tu, na alisema, "Mimi naenda tu nirudi, saa mbili hivi, nani ataniuliza?"

Walipofika, huyu wa pili alipita jengo la upande wetu na hakuna aliyemsimamisha. Akafikiri mambo yamekwisha. Akatembea mpaka sokoni. Wakati wa kurudi na mizigo akaulizwa, "Uliingia lini? Muhuri uko wapi?" Hakuwa na muhuri wa kutoka wala wa kuingia. Kwa karatasi, yeye hakuwa ameingia nchi ile kabisa, na hali alikuwa amesimama ndani yake na magunia ya vitunguu! Wakashinda pale hadi usiku. Kulikuwa na faini, kulikuwa na chumba cha kulala, basi lilikuwa limeondoka, na vitunguu vingine vililoa mvua. Kati ya zile 60,000 zilirudi elfu kumi na moja na mia kidogo.

Kosa lilikuwa letu. Afisa hakutudhulumu. Sisi tulidhani urefu wa safari ndio unaoamua karatasi. Sivyo. Sheria ya uhamiaji haiulizi utakaa muda gani kabla ya kuuliza umeingia vipi. Mtu wa saa mbili na mtu wa miezi miwili wanapita dirisha moja.

Kwa nini hakusimamishwa? Hapa ndipo wengi hukosea, basi tueleze polepole. Mipaka mikubwa yetu siku hizi ina kituo kimoja cha pamoja. Taveta na Holili kilifunguliwa rasmi mwaka 2016, Busia na Namanga mwaka 2018, na Moyale mwaka 2020. Zamani ulipiga muhuri wa kutoka upande wetu, ukatembea, ukapiga wa kuingia upande wao. Sasa unapita jengo la kwenu bila kusimama, unaenda jengo la nchi unayoingia, na humo ndani utawakuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa karibu karibu. Mkenya anayekwenda Arusha anagongewa muhuri wa kutoka Kenya akiwa ndani ya jengo la upande wa Tanzania. Akirudi, yote mawili yanafanyika upande wa Kenya. Kwa hiyo usipoona mtu wa kukusimamisha, usifurahi. Uliza dirisha liko wapi.

Sasa, karatasi gani?

Tangu tarehe 1 Januari 2014, mwananchi wa Kenya, Uganda au Rwanda anaweza kuingia katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ni kweli kabisa, na ni baraka kwa mtu mdogo. Lakini watu wamelinyoosha neno hili kuliko urefu wake. Utasikia mtu akisema, "Afrika Mashariki ni moja, kipande kinatosha kila mahali." Jumuiya leo ina nchi 8, pamoja na Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, lakini mapatano ya kipande ni ya zile tatu. Tanzania haikuingia humo. Kwa Namanga, Holili, Tarakea au Lunga Lunga unahitaji pasipoti, au ile hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji yetu. Viza hulipii, maana wewe ni mwananchi wa Jumuiya, lakini hati lazima. Na hati ya muda ina tarehe yake ya mwisho. Tumemwona mama mmoja akiitunza vizuri ndani ya plastiki, safi kama mpya, kumbe imeisha muda mwezi mzima.

Angalieni pia njia mnayopita, siyo mahali mnapokwenda peke yake. Mtu wa Kigali akipita Busia, Kampala na Gatuna, kipande kinamfikisha. Mtu huyo huyo akipanda gari linalopitia Namanga na Rusumo, amepita Tanzania, na hapo kipande hakimsaidii, hata kama hatashuka garini ila kula chapati. Kupita nchi ni kuingia nchi. Na njia zenyewe hubadilika. Gatuna ilifungwa mwezi wa Februari 2019, ikaja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu. Kabla ya kununua tikiti, mwulize karani wa basi waziwazi: "Mnapitia mipaka gani?" Asipojua, mwulize dereva.

Jambo la tatu ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo jirani ana haki ya kutudai cheti. Wengi wetu huikumbuka tukiwa tayari stendi. Lakini cheti huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Jumatano, kadi unayo lakini bado haijaanza kufanya kazi. Habari njema ni kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haihitaji kurudiwa. Basi usiitupe, na usikubali kuinunua vichochoroni bila kuchanjwa. Homa haisomi kadi.

(Msichanganye. Kuna "kadi ya njano" nyingine ambayo ni bima ya gari la kuvuka mpaka, chini ya COMESA. Mkikodi pikapu ya jirani kwenda nayo ng'ambo, mwulizeni kama anayo. Kijana wetu alimwonyesha askari wa barabarani kadi ya chanjo, wakacheka wote wawili, lakini gari halikuondoka.)

Mizigo nayo ina karatasi zake. Kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa ambacho hutolewa papo hapo mpakani. Bidhaa iwe katika orodha inayobandikwa pale. Cheti hiki kinakuondolea ushuru wa forodha. Hakikuondolei kila kitu: kodi nyingine zinaweza kuwepo, na watu wa afya ya mimea na mifugo bado watataka kuangalia. Lakini mtu anayekuambia "nipe kidogo nikupitishie kwa njia ya panya" mara nyingi anakuuzia kwa pesa kitu ambacho dirishani ungepata kwa subira. Na ukikamatwa huko kwenye majani, yeye hayupo.

Kwa Tanzania tuongeze neno moja. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya huko ilitoa amri ya kuwazuia wageni wasifanye aina 15 za biashara ndogo ndogo, na kununua mazao shambani kwa mkulima ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo kikundi kinachopanga kwenda moja kwa moja mashambani kiulize kwanza mpakani hali ikoje wakati huo. Kununua sokoni kwa mfanyabiashara wa pale ni jambo jingine. Na ukiulizwa umekuja kufanya nini, sema kweli. Ukiandika "kutembelea ndugu" halafu ukutwe na magunia 20, ndugu huyo atatafutwa.

Sasa tuje kwa Moyale, maana hapa Kiamaiko hatuwezi kumaliza somo bila kutaja mbuzi. Kila mtu anajua mbuzi wetu wengi wanatoka kaskazini, na lami ilipofika Moyale safari iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya usiku mmoja. Vikundi vimeanza kusema, "Tumruke dalali, twende wenyewe, tena tuvuke ng'ambo ambako bei ni nzuri." Wazo si baya. Ila Ethiopia haimo katika Jumuiya yetu. Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia, lakini anahitaji pasipoti. Utawaona wenyeji wa Moyale wakivuka asubuhi na jioni, huku wana duka na kule wana shangazi, maafisa wanawajua kwa sura. Wewe uliyeshuka na basi la Eastleigh usijifananishe nao.

Na mbuzi ana pasipoti yake! Mnyama wa kutoka nchi nyingine anahitaji ruhusa ya kuingizwa kutoka kwa idara yetu ya mifugo kabla hajavuka, na cheti cha daktari wa mifugo wa huko anakotoka. Akishaingia, anahitaji kibali cha kumsafirisha hadi Nairobi. Si usumbufu wa bure. Sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu huja kwa miguu ya mnyama mmoja na kumaliza boma zima. Ushauri wetu kwa kikundi kidogo: nunueni mbuzi upande wa Kenya, aliyekwisha kupata karatasi, hata kama mtalipa zaidi kidogo. Faida inayopotea hapo ni ndogo kuliko lori kuzuiliwa njiani na mbuzi 40 bila maji.

Mkivuka, kumbukeni pia kalenda. Waethiopia wanahesabu miaka yao, iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8, na mwaka wao mpya ni Septemba. Karatasi ikiandikwa kwa kalenda hiyo, uliza tarehe yake kwa hesabu yetu kabla hujaondoka dirishani. Kwa upande wa saa mtajisikia nyumbani. Wao nao huanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, kama sisi.

Kuna wachache kati yenu wanaoalikwa mikutano ya ng'ambo kwa ndege, siku mbili tatu. Tuseme kifupi. Viza ya mahali unapokwenda haitoshi ikiwa unabadilisha ndege katika nchi nyingine. Marekani hudai viza hata kwa mtu anayebadili ndege tu. Uingereza humdai Mkenya viza ya kupita kiwanjani, isipokuwa kwa wenye ruhusa fulani. Na majirani zetu wenye pasipoti za Ethiopia au Somalia hudaiwa viza ya kupita hata Paris na Frankfurt, mahali ambapo mwenye pasipoti ya Kenya hadaiwi. Kabla mwenyeji wenu hajanunua tikiti, mwombeni awaambie ndege inatua wapi. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iwe na miezi 6 mbele yake.

Yote haya yanaanza na kitambulisho, na kwa watu wa kaskazini kukipata kumekuwa mzigo. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa ule uchunguzi wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Kama kuna kijana katika kikundi chenu aliyekata tamaa zamani, mrudisheni kwa msajili.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nani kati yetu ana pasipoti, hati ya muda, au kadi ya chanjo? Zileteni mkutanoni, msome tarehe pamoja.

2. Kama kikundi kingemtuma mtu mpakani wiki ijayo, siku 10 za chanjo zingetosha?

3. Hili bado linatusumbua sisi wenyewe. Zile pesa zilizopotea, alipe nani? Wengine wetu wanasema yule dada alipe, maana alijua hana hati. Wengine wanasema kikundi kilipe, maana tulimtuma sisi na hakuna aliyemwuliza karatasi kabla hajapanda basi. Mweka hazina ameandika deni kwa penseli. Jadilianeni, mtuandikie mnavyoona. Tutakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, na tungependa kusoma barua zenu kabla ya kupiga kura.