Barua za Shangazi Zisichomwe

Wadogo zangu, wiki hii nimeandikiwa na mwenzenu aliyeolewa Cork, Ireland. Baba mkwe wake amefariki, na katika kupanga vitu vya marehemu wamekuta kopo la biskuti limejaa barua. Zilitoka Boston, kwa shangazi wa mumewe, ambaye ukoo mzima uliambiwa alikufa akiwa kigoli. Katika kila barua anamuulizia mtoto wake. Mama mkwe anataka zichomwe. “Dada, tumtii au tuanze kutafuta?”

Mdogo wangu, msichome hata bahasha. Nchi hiyo imeshapoteza karatasi nyingi mno. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, liliteketea, na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 ikawa majivu. Msiongeze majivu mengine kwa mikono yenu.

Ila kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mama mkwe. Enzi za ujana wa shangazi, msichana aliyepata mimba nje ya ndoa mara nyingi alifichwa kwenye makao ya mama na watoto, mengi yakiendeshwa na masista. Tume iliyotoa ripoti yake 2021 ilichunguza makao 18 na kukuta walipita humo akina mama wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000. Aibu ile iliziba midomo ya koo nzima, na mama mkwe wako aliikuta nyumbani alipoolewa. Mwandalie chai, mumeo akae karibu naye, mumuulize shangazi alikuwa mtu wa namna gani. Habari ya mtoto ataileta mwenyewe. Akinyamaza, rudini Jumapili nyingine. Mkamia maji hayanywi.

Huku mkimsubiri, pigeni picha kila barua pamoja na bahasha yake, maana mhuri wa posta una tarehe na mji. Selotepu isiziguse. Tafuteni humo jina la kitongoji: Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na majina ya ukoo yanajirudia hadi yanachanganya. Mkishakipata, sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure mtandaoni, nazo zitawaonyesha wazee wa shangazi nyumba kwa nyumba.

Na mtoto? Huenda aliasiliwa. Sheria ya Ireland ya 2022 inampa aliyeasiliwa haki ya cheti chake cha kuzaliwa, pamoja na barua na picha alizoachiwa na mzazi zikabaki kwenye mafaili. Ndugu nao wanaweza kuomba atafutwe, kupitia Tusla, shirika la serikali la watoto na familia, au Mamlaka ya Uasili. Akipatikana, mwacheni aamue mwenyewe kama anataka kuonana nanyi.

Lakini msikawie. Philomena Lee, mmoja wa akina mama waliofichwa kwenye makao yale, alimtafuta mwanawe aliyepelekwa Marekani 1955, na mwanawe alirudi Roscrea, yalipokuwa makao hayo, kumtafuta yeye. Hakuna aliyewakutanisha. Mwana alifariki 1995, na mama akaishia kuliona kaburi.

Mdogo wangu, shangazi aliandika miaka yote hiyo bila kujibiwa. Mtoto wake akiwa hai, barua hizo ni mali yake. Mfikishieni.