Mkeka, Mnunuzi na Amri ya Saba

Masomo ya kusomwa kwanza: Kutoka 35:25–35, Mithali 20:14, Yakobo 5:4.



Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti kabla ya kufika Ikwiriri na kuuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Nchi hii ni nchi ya maji, ya mikoko na minazi na mikindu, nayo tangu zamani yajulikana kwa mikeka yake. Mtoto azaliwapo hulazwa juu ya mkeka. Wageni wa arusi hukaribishwa juu ya mkeka. Na siku ya msiba majamvi hutandikwa uani, Mkristo na Mwislamu wakakaa pamoja. Jirani zetu Waislamu husali juu ya msala uliosukwa kwa mikono ile ile. Tui la nazi hukamuliwa kwa kifumbu, na samaki wa mtoni hunaswa kwa mgono.

Vitu hivi twavitumia kila siku, na kwa sababu hiyo ni vyepesi kudharauliwa. Basi katika somo hili tuangalie jinsi mkeka unavyofanyika, jinsi Mungu anavyoitazama kazi hiyo, na neno ambalo Amri ya Saba yatudai sisi tununuao na sisi tuuzao.

1. Kazi yenyewe

Mkeka mzuri hufanywa kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Jamvi hufanywa kwa miyaa, ambayo ni migumu zaidi. Mwanamke huenda kutafuta kuti changa lililo katikati, ambalo bado halijakunjuka. Mkindu una miiba mirefu chini ya makuti yake, hata mikono yake hurudi imechomwa. Kisha majani huanikwa juani mpaka yageuke kuwa meupe, nayo huchanwa kuwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Zile zitakazotiwa rangi huchemshwa katika sufuria. Zamani rangi nyeusi ilipatikana kwa mizizi ya mdaa, na rangi ya manjano kwa bizari. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani.

Baada ya hayo ndipo ususi uanzapo. Chane hupitishwa moja juu na moja chini, au mbili juu na mbili chini, mpaka upatikane ukili, ambao ni utepe mrefu. Idadi ya chane huamua upana wa ukili, na mpangilio wa rangi huamua nakshi yake. Msusi hana karatasi ya kumwonyesha. Huhesabu kwa vidole na kukumbuka kwa kichwa. Akikosea chane moja, kosa hilo huonekana mbele katika nakshi, naye hana budi kufumua. Mwisho, kili hushonwa pamoja, ukingo kwa ukingo, ukawa mkeka. Kwa kikapu, ukili huanzia katikati ya kitako na kuzungushwa ukipanda juu mpaka mdomoni.

Kazi hii haifanywi kwa siku moja. Hufanywa baada ya shamba na baada ya jiko, kivulini wakati wa mchana au jioni kabla ya giza kuingia. Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mkeka vivyo hivyo: ukiuona umetandikwa, ujue kuna mtu aliyeinama juu yake siku nyingi.

2. Mungu anavyoitazama kazi hii

Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba Mungu, alipotaka hema lake lijengwe jangwani, alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho yake ili awe na akili katika kila kazi ya ustadi, hata kazi ya mfumaji. Wako na wanawake pia, ambao moyo wao uliwahimiza kusokota kwa mikono yao, na Maandiko yanaiita kazi hiyo hekima. Angalieni, ndugu: neno hilo halikuwekwa kwa wafalme na makuhani peke yao. Limewekwa hata juu ya vidole vya mwanamke mwenye kusokota uzi.

Tena mama yake Musa, alipotaka kumwokoa mtoto wake na kifo, alichukua chombo cha manyasi akakipaka sifa na lami, kama mafundi wa majahazi wafanyavyo hata leo. Wokovu wa Israeli ulielea mtoni ndani ya kitu kilichosukwa.

Mwalimu wetu Martin Luther alifundisha kwamba mtu humtumikia Mungu katika kazi yake ya kila siku, ikiwa aifanya kwa imani na kwa faida ya jirani. Kwa hiyo mwanamke wa Kibiti aliye na ukili mkononi hana wito mdogo kuliko wetu tunaosimama madhabahuni.

3. Habari kutoka Uganda

Labda mtu atasema, Hayo ni maneno ya kanisani. Duniani mkeka ni mkeka tu. Basi na asikie habari hii. Katika mji wa Venice, nchi ya Italia, kuna maonyesho makubwa ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895, ambayo mataifa mengi hupeleka kazi za mafundi wao. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na ukumbi wake huko kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa mwanamke, Acaye Kerunen. Naye alionyesha nini? Alionyesha kazi za kusuka: mikeka, vikapu, nyuzi za migomba na majani ya mitende, zilizosukwa na wanawake wa Uganda, naye akaziunganisha na kuzitundika. Waamuzi wa maonyesho waliutaja ukumbi wa Uganda kwa heshima ya pekee.

Kazi ile ile ambayo nyumbani hukanyagwa kwa miguu, huko ilisimamiwa na kutazamwa kwa ukimya. Majani hayakugeuka kuwa dhahabu njiani. Watazamaji walisimama tu, wakauliza ni nani aliyeifanya na kwa muda gani. Je, sisi tulio jirani na wasusi, tumewahi kuuliza?

4. Neno kwa mnunuzi

Sasa tuje sokoni. Mnunuzi anashuka garini, anashika mkeka.

“Shikamoo mama. Huu bei gani?”

“Marahaba, mwanangu. Elfu thelathini.”

“Mama, ghali mno! Haya si majani tu ya porini? Chukua elfu ishirini.”

Mama anatazama jua linavyokwenda. Nyumbani hakuna unga. Anaukunja mkeka na kumpa.

Mnunuzi huyo hakuvunja sheria ya serikali, na kupatana bei ni desturi yetu. Lakini na tuchukue kalamu tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme ukindu, rangi na uzi vilimgharimu mama shilingi 10,000. Tuseme alisuka siku 20, kila siku saa 4. Hizo ni saa 80. Kama angalipata shilingi 30,000, mkono wake ungalibaki na 20,000, yaani shilingi 250 kwa kila saa. Alipopewa 20,000, alibaki na 10,000, yaani shilingi 125 kwa saa. Mnunuzi adhani amepunguza theluthi moja ya bei. Kwa kweli amechukua nusu ya ujira, maana gharama ya rangi na ukindu haikupungua hata senti moja; yote aliyopunguza yametoka katika jasho.

Mithali 20:14 yamjua sana mtu huyu: wakati wa kununua hukidharau kitu, na akiisha kwenda zake hujisifu. Na Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho hufika masikioni mwa Bwana.

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuieleza Amri ya Saba kwa neno la wizi peke yake. Alisema tusijipatie mali ya jirani kwa bidhaa mbovu wala kwa biashara ya hila, bali tumsaidie kuiongeza na kuilinda mali yake na riziki yake. Basi kutomwibia mama huyu hakutoshi. Amri yatudai tumsaidie aishi kwa kazi yake. Hasa katika mwaka wa shida, kama mwaka 2024 mafuriko ya Rufiji yalipofunika mashamba, yule aliyepoteza mpunga wake hana nguvu ya kubishana bei. Kuitumia njaa ya mtu ili kununua rahisi, Mkristo asiite jambo hilo ujanja.

5. Neno kwa msusi

Lakini amri haina upande. Wahenga walisema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako wasusi ambao, jina lao likiisha kuvuma, huchana chane pana ili ukili uishe upesi, hulegeza ususi mahali pasipoonekana, au hutia rangi isiyokolea, ambayo ikipata maji mara moja huchafua shuka ya mwenye kulala. Huo nao ni wizi kwa bidhaa mbovu. Tena mikeka ya plastiki ya viwandani ni rahisi na imejaa madukani. Mkeka wa ukindu utaishinda kwa uimara na uzuri wake, wala si kwa njia nyingine. Serikali ilipoikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kikapu kilipata nafasi mpya sokoni. Nafasi hiyo yaweza kupotezwa na wasusi wenyewe.

Na neno moja juu ya mti. Mkindu huota vishina vingi pamoja, na ukikata jani changa kwa uangalifu, shina huishi na kutoa jingine. Ukikata moyo wenyewe, shina hilo limekufa. Torati, katika Kumbukumbu 22:6–7, yamruhusu mtu kuchukua makinda ya ndege, lakini yamwamuru amwache mama yao aende zake. Basi chukua jani, uache moyo, ili binti yako naye apate kusuka.

6. Neno kwa usharika

Katika makanisa yetu mengi sadaka hukusanywa kwa kikapu. Wazee wa usharika na waulize: kikapu hiki kilinunuliwa kwa nani, na kwa bei gani? Kama tulimpunja maskini ili tupate chombo cha kumtolea Mungu, tumeweka ndani yake kitu cha wizi kabla ya senti ya kwanza kuingia. Na tukiagiza mikeka kwa ajili ya mkutano, tutoe sehemu ya fedha mapema, na iliyobaki siku ile kazi iletwapo, tusimwambie mama wa watu aje kesho na kesho kutwa.

Bwana aliyelelewa katika nyumba ya fundi atupe macho ya kuiona kazi ya mikono, na mikono iliyo tayari kuilipa.

Maswali ya kujifunzia nyumbani na katika vikundi

1. Kutoka 35 yasemaje juu ya wanawake waliosokota? Je, twawasemaje wasusi wa kijiji chetu?
2. Mwulize msusi mmoja siku alizotumia kwa mkeka mmoja na fedha alizotoa. Fanyeni hesabu ya ujira wake kwa saa.
3. Ni kazi gani nyingine za mikono ambazo sisi tumezoea kuzinunua chini ya haki yake?
4. Usharika wetu waweza kufanya nini mwaka huu ili kumsaidia jirani kuilinda riziki yake, awe Mkristo au asiwe?